Mlango Haufunguliwi Wakati wa Maombi

Kwa miaka ishirini na sita Mama Mlango hakumfungia mtu nje ya kanisa, isipokuwa wakati wa maombi. Mchungaji akishasema "tuombe", yeye alivuta ule mlango mzito wa mbao, akauegemea kwa mgongo, akafumba macho, na hapo hata angekuja nani, angesubiri barazani mpaka amina. Hakuwa na ubaya na mtu. Utaratibu huo aliurithi kwa mzee aliyemtangulia katika kazi, na mzee yule naye aliukuta. Waumini wote waliujua. Aliyechelewa alisimama nje ameinamisha kichwa, akaomba pamoja na wenzake kutoka huko huko, maana mlango ule ulizuia watu lakini haukuzuia sauti.

Jina lake la kweli lilibaki kwenye kitambulisho. Siku sita za wiki alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Siku ya saba alivaa gauni la bluu na viatu visivyopiga kelele, akasimama mlangoni na vitabu vya nyimbo mkononi. Alijua nani anataka kukaa karibu na feni, nani amenuniana na nani wasije wakawekwa benchi moja, na mtoto yupi apewe kiti cha pembeni kwa sababu kila baada ya dakika kumi atataka kwenda kujisaidia. Watu hudhani kazi ya mlango ni kusimama. Wajaribu siku moja waone.

Mtu aliyemsumbua kuliko wote alikuwa shemeji yake mwenyewe, mume wa dada yake mkubwa. Dada alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, lakini ushemeji haukufa naye, wala utani. Shemeji alikuwa fundi bomba, mtu wa mabega mapana na viganja vilivyokakamaa, na katika kwaya aliimba sauti nzito ya chini kabisa, ndiyo maana kanisa zima lilimwita Besi. Alikuwa na kasoro moja. Hakujua kuwahi.

"Shemeji, hiyo saa yako inaendeshwa kwa maji?" Mama Mlango alimwuliza karibu kila Jumapili.

"Ingeendeshwa kwa maji ningewahi, maji ndiyo kazi yangu," Besi alijibu huku akijifuta mikono. "Mabomba ya watu yana wivu. Yakijua kesho naenda kusali, yanapasuka."

Mara nyingi alifika wakati wa maombi, basi akasimama barazani kama wengine. Lakini mchungaji alipomaliza, kabla mlango haujafunguliwa, amina ya Besi ilipita kwenye mbao ikatua mpaka madhabahuni. Waliokaa nyuma walitabasamu bila kugeuka. Wakanong'onezana: Besi amefika. Mama Mlango alisonya kwa ustadi wa kutosikika na mchungaji, akafungua mlango, akampa kitabu cha nyimbo ambacho tayari alikuwa amekifungua kwenye ukurasa wenyewe. Hivyo ndivyo walivyoishi, na kama kulikuwa na namna nzuri zaidi ya kupendana kati ya mtu na shemeji yake, wao hawakuitafuta.

Kisha ukaja ule mwaka wa maradhi. Watu wakakatazwa kukusanyika, mlango wa mbao ukapigwa kufuli, na kanisa likahamia kwenye simu.

Jumapili ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Nusu ya waumini hawakujua kuzima maiki. Mke wa mweka hazina alimfokea mumewe kuhusu soksi katikati ya somo la kwanza, na kanisa zima likapata habari za soksi zile, zilipotupwa na hali zilizokuwa nazo. Mzee mmoja mstaafu wa posta alidhani ile ni simu ya kawaida, akaibana sikioni ibada nzima, basi watu wakawa wanatazama sikio lake kwa saa moja na nusu, likiwa kubwa na makini. Tangu siku hiyo akaitwa Mzee Sikio, na hata alipofundishwa namna ya kuishika simu, jina lilikuwa limeshanata.

Lakini watu walishikamana. Ibada ilipokwisha hakuna aliyetaka kutoka. Walibaki wakionyeshana watoto waliozaliwa, wakiulizana dawa ya kikohozi, wakicheka kwa sababu wa kucheka naye hakuwepo nyumbani. Jumatano walikutana tena kwa maombi. Wajane wawili ambao miaka yote walisalimiana kwa kichwa tu wakaanza kupigiana simu kila asubuhi, kila mmoja akitaka kuhakikisha mwenzake ameamka.

Jumapili ya tatu waliingia wahuni. Hakuna aliyejua walikoipata namba ya ibada. Walipiga muziki na kutoa matusi ambayo Mzee Sikio, kwa bahati mbaya, aliyasikia vizuri kuliko wote. Wazee wa kanisa wakakutana siku hiyo hiyo. Ikaamuliwa kwamba kuanzia sasa mtu akipiga namba ya ibada aandikiwe kusubiri, mpaka mmoja wao atakapomtazama jina na kumruhusu. Nani ashike kazi hiyo? Halikuwa swali la kupigiwa kura.

Aliyemfundisha ni binti wa marehemu dada yake na Besi, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, mtu wa maneno machache. Alisimama nje ya dirisha kwa sababu ya maradhi, akaelekeza kwa kidole kupitia nondo.

"Mama mdogo, ukiona jina hapa juu, huyo anasubiri. Bonyeza hapa, anaingia."

"Na nisipobonyeza?"

"Anabaki nje."

"Basi ni mlango," alisema Mama Mlango, na kwa mara ya kwanza tangu kanisa lipigwe kufuli moyo wake ukatulia.

Kila Jumapili aliiegemeza simu kwenye kopo la vifungo juu ya cherehani, akavaa gauni la bluu, akavaa na viatu, ingawa hakuna aliyemwona miguu. Aliwaingiza watu mmoja mmoja, akiwasalimu kwa sauti ndogo chumbani peke yake. Na mchungaji aliposema "tuombe", aliondoa kidole kwenye simu, akafumba macho. Hakuna aliyemwagiza. Alihama na utaratibu wake kama alivyohama na viatu vyake.

Wa kwanza kukutana na utaratibu huo alikuwa Besi, kwani angekuwa nani mwingine? Alichelewa, akakuta maombi, akasubiri. Baada ya amina aliingia, sura yake ikiwa imejaa kioo kizima, pua mbele.

"Shemeji," alisema kanisa zima likisikia, "huko nje siku hizi hakuna baraza. Kimya kabisa. Kuna maandishi tu yanasema subiri, sisikii mtu anaomba, sisikii lolote. Amina yangu nimeitikia kwa kukisia."

"Wahi basi, shemeji, usikie," alijibu Mama Mlango.

Watu walicheka, hata mchungaji. Besi mwenyewe alicheka kuliko wote, akasema ataliweka neno hilo kwenye kisanduku cha vifaa vyake pamoja na namba ya ibada. Namba ya ibada kweli alikuwa ameiandika kwa rangi nyekundu ndani ya kifuniko cha kisanduku, akaitazama kila alipotafuta spana, mpaka ikamkaa kichwani. Kuhusu kule nje kusikosikika kitu, hakuna aliyelifikiria tena. Mama Mlango naye hakulifikiria.

Miezi minne baadaye Besi alianza kukohoa. Jumatano alisema ni vumbi la dari aliyokuwa ametoboa. Alhamisi hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika. Ijumaa asubuhi bintiye alimpeleka hospitali, akamwona akiingizwa ndani kwenye kiti cha magurudumu, mlango ukafungwa, akaambiwa arudi nyumbani, wagonjwa wa wodi ile hawaoni mgeni. Simu ya Besi ilibaki kwenye kisanduku chake cha vifaa, haina chaji. Binti alipiga namba ya wodi mara ishirini na kitu. Ilipopokewa, aliambiwa kwa adabu kwamba mzee anaendelea kupewa hewa.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Mama Mlango hakuwahi kuwaingiza watu wengi namna ile, hata wale wa sikukuu kubwa tu walikuja, hata wanakwaya wawili waliokuwa wamegombana na Besi kuhusu sare. Mchungaji alisema leo hatahubiri kirefu, leo wataomba kwa ajili ya ndugu yao. "Tuombe," akasema.

Mama Mlango aliinamisha kichwa. Hapo simu ikatoa ule mlio wake mdogo. Alifungua jicho moja. Juu ya kioo paliandikwa kwamba Mama Pacha anasubiri kuingia.

Hakumjua Mama Pacha yeyote. Alimpitia haraka haraka kichwani, labda mgeni, labda jirani wa mtu. Wala hakumdhania uhuni. Jina lilikuwa la heshima zake. Mwenye shida na ibada atasubiri mpaka amina, alijiambia, kama wanavyosubiri wote. Akafumba macho tena.

Maombi yalikuwa marefu. Mchungaji aliomba, kisha akamwachia mwenyekiti wa kina mama, kisha akamwachia Mzee Sikio, ambaye hakuwahi kuomba hadharani maisha yake yote. Waliombea mapafu ya Besi moja baada ya jingine. Waliombea viganja vyake na sauti yake. Mzee Sikio alimwomba Mungu, kwa maneno ya kukatika katika, kwamba pale kitandani alipo asijione yuko peke yake, ajue watu wake wote wako hapa wanamtaja. Kisha akashindwa kuendelea, akalia, na maiki ikiwa wazi kila mtu akalia naye. Mama Mlango alilia macho yakiwa yamefumba, machozi yakadondokea kitambaa cha sare kilichokuwa chini ya sindano.

Amina iliitikiwa na watu zaidi ya mia. Alifuta uso, akapeleka kidole kwenye jina la mgeni. Jina halikuwepo.

"Huyu naye hana subira," alisema chumbani peke yake.

Besi alifariki siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri.

Walioruhusiwa makaburini walikuwa saba. Mama Mlango alikuwa mmoja wao. Walisimama mbalimbali, nyuso zimefunikwa, na hakuna aliyeweza kumshika mwenzake. Wanakwaya waliimba kwenye simu ya binti, kila mmoja kwake, sauti zikifika kwa kupishana, hii imetangulia na ile imechelewa, na pale chini ambapo besi ilipaswa kuwa hapakuwa na kitu.

Siku ya tatu ilifanyika ibada ya kumkumbuka. Binti aliomba kusema. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha baba yake, amejikaza kisabuni.

"Nina neno moja la kuwafariji," alisema. "Nilipigiwa simu na nesi aliyekuwa zamu. Hakuwa na muda, lakini alitaka nijue. Anasema Jumapili asubuhi baba aliomba aazimwe simu aingie ibadani. Namba aliijua kwa kichwa. Nesi akamwandikia, akamwachia simu yake mwenyewe, akaenda kuhudumia wengine. Kwa hiyo wakati mnamwombea baba, baba alikuwa nasi. Aliwasikia wote. Mzee, alikusikia," akamwambia Mzee Sikio. "Hilo ndilo linalonipa usingizi. Nesi huyo wanamwita Mama Pacha. Mungu ampe maisha marefu."

Amina zilimiminika kwenye kioo, moja juu ya nyingine. Mama Mlango alilisoma jina lile moyoni mara mbili. Alinyoosha mkono akazima kamera yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe mlango, akakaa na mkono mdomoni mpaka ibada ikaisha. Wote walipokwisha kutoka alibaki peke yake ndani, sura yake haipo, jina lake tu.

Wiki iliyofuata alishona vibaya. Alishona mfuko wa shati ukafungwa pande zote nne, akaja kugundua wakati wa kupiga pasi. Alihesabu zile dakika tena na tena na kila mara zilikuwa kumi na saba. Mlango wa mbao, alijiambia, ungemsikilizisha. Angesimama barazani akasikia jina lake likitajwa na watu mia moja. Mimi nikamweka mahali ambapo hakuna baraza, na aliwahi kuniambia, kwa mdomo wake.

Alhamisi alimpigia mchungaji akamweleza yote. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Utaratibu ni wa kanisa, mama, si wako," alisema. "Sote tulikuwa tumefumba macho."

"Wengine hawakuwa na kidole kwenye mlango, mchungaji."

"Umeshamwambia binti?"

"Bado."

"Ana faraja moja tu mikononi. Usimnyang'anye. Hilo nakuomba kama mchungaji wako."

Alishukuru, akakata simu, na kusema kweli aliona unafuu. Alikubali kulibeba peke yake mpaka kaburini. Angeweza, pia. Mtu aliyebeba siri za benchi zote za kanisa asingeshindwa na moja ya kwake.

Lakini Jumamosi binti alikuja. Vizuizi vya kutembeleana vilikuwa vimeanza kulegezwa, naye alileta gauni lake jeusi lipunguzwe, maana alikuwa amekonda na lilimpwaya. Alisimama katikati ya chumba huku mama yake mdogo amepiga magoti sakafuni, anakunja pindo, pini tano zimebanwa midomoni.

"Mama mdogo, nikuulize kitu."

Mama Mlango aliguna, maana mwenye pini mdomoni hana jibu jingine.

"Ile Jumapili mtandao wangu ulikatika katikati ya maombi. Niliporudi mlikuwa mmeshamaliza. Wewe ulikuwa mlangoni. Baba alipoingia, aliitikia amina? Ulimsikia? Nataka kujua hilo tu. Ile amina yake, kama aliitoa."

Mama Mlango alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto kilichofungwa mkononi mwake. Ilikuwa ni neno moja. Ndiyo. Angelisema, angekunja pindo, binti angelala usingizi maisha yake yote. Alitazama zile nyayo mbili zilizokuwa mbele yake kwenye sakafu, nyembamba, za marehemu dada yake kabisa.

"Hakuingia," alisema.

"Hakuingia wapi?"

"Ibadani. Nililiona jina la Mama Pacha, sikujua ni nani. Mchungaji alikuwa ameshasema tuombe. Sikumfungulia. Nilipofungua macho alikuwa amekatika. Dakika kumi na saba alikuwa nje, mwanangu. Hakutusikia."

Binti hakusogea. Gauni lilikuwa limekunjwa upande mmoja, upande mwingine bado.

"Alikuambia," alisema mwishowe, polepole, kwa ile sauti yake ya mwalimu anayerudia hesabu ubaoni. "Mbele ya watu wote. Alikuambia kule nje hasikii kitu. Wewe ukamwambia awahi."

"Ndiyo."

"Na sisi tukacheka."

"Ndiyo. Na sisi tukacheka."

Binti aliingia chumba cha ndani, akabadilisha nguo, akatoka na gauni limekunjwa mkononi.

"Ngoja nitoe pini, zitakuchoma."

"Ziache." Alifika mlangoni akasimama, mgongo ukiwa kwa mama yake mdogo. "Sikuchukii. Siwezi tu kukaa humu."

Akaenda. Mama Mlango alibaki pale pale sakafuni, akalia kwa sauti, kama alivyokuwa hajamlilia shemeji wala dada.

Jumapili tatu zilipita binti hakuonekana ibadani. Mama Mlango aliomba apumzishwe kazi ya mlango. Mchungaji akasema hakuna mwingine anayezijua sura zote. Akabaki, kwa shingo upande. Aliingiza watu. Gauni la bluu alilivaa. Kitu kimoja alikiacha: wakati wa maombi hakufumba macho tena. Aliwatazama wote walivyoinamisha vichwa katika vile visanduku vyao vidogo, vipara na vilemba, akayatazama yale maandishi ya juu, akingoja jina la mwalimu wa hesabu. Halikuja.

Jumatano ya wiki ya nne, akiwa anatoboa matundu ya vifungo, ilimfikia sauti iliyorekodiwa. Ilikuwa ya binti. Aliiweka simu kwenye kopo la vifungo, akakunja mikono, akasikiliza.

"Shikamoo mama mdogo. Nilimtafuta Mama Pacha. Nilitaka kujua baba alikaa nje namna gani, maana kila nikilala nilimwona. Basi anasema alipopita mara ya kwanza alimkuta ameiweka simu kifuani. Akamwuliza, mzee, wamekufungulia? Baba akasema bado, wanaomba. Akasema mlangoni yuko shemeji yangu, huyo hafungui mpaka amina, hata ningekuwa nani. Mama Pacha anasema alikuwa anatabasamu. Alitaka kuipiga upya ile namba, baba akamkataza, akasema nitapoteza nafasi yangu."

Hapo yalisikika maji yakitiririka kwenye bomba fulani.

"Anasema alipopita mara ya pili alimsikia. Alijiinua kidogo, akaitoa. Amina. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Halafu nyumbani kwa nesi wakapiga, mmoja wa pacha wake alikuwa na homa, ibada ikakatika. Baba akamrudishia simu. Akamwambia, asante binti yangu, imetosha. Akasema, sasa wanajua nimefika."

Maji yakaendelea kutiririka.

"Sijui kama nimekusamehe, mama mdogo. Usiniulize bado. Lakini hili si langu peke yangu. Ni lako pia."

Mama Mlango aliisikiliza mara moja tu. Hakuweza ya pili. Alikaa na shati la mtoto wa watu mapajani, akimfikiria Besi akiitoa amina ile kwa nguvu zilizobaki, akiamini imepita kwenye mbao, akiamini mabenchi ya nyuma yametabasamu. Na hakuna aliyeisikia isipokuwa wagonjwa.

Jumapili ikafika. Somo likasomwa, kwaya ikaimba kwa kupishana. Mchungaji akasema "tuombe", vichwa vikainama, na Mama Mlango akabaki na macho wazi kama alivyozoea sasa. Mchungaji alikuwa katikati ya kuwaombea walio safarini simu ilipolia ule mlio mdogo.

Mama Pacha anasubiri kuingia.

Kidole kilikuwa kwenye kioo kabla hajajua kwamba amekipeleka. Kisanduku kipya kikafunguka kati ya vile vingine. Kikaonyesha dari nyeupe, taa ndefu moja, na ukingo wa pazia la kijani. Maiki ilikuwa wazi. Iliingia sauti ya mashine ikihesabu kitu, kisha kikohozi, kisha sauti ya nesi karibu kabisa: "Haya bibi, hawa hapa. Ni lile kanisa nililokuambia." Vichwa viliinuka kimoja kimoja. Mchungaji alinyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Mbona kimya," ilisema sauti ya mwanamke mzee sana, isiyojulikana na yeyote kati yao. "Wamekwisha? Nimechelewa?"

Mama Mlango aliwasha maiki yake. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kufungua kinywa katikati ya maombi.

"Karibu, mama," alisema. "Umewahi."